Kaki Isiyo Chumvi

Adabu ya kwanza: usianze kula.
Ya pili: usiulize habari za Januari,
si leo, kitambaa cheupe kikiwa kimefunika
meza ya kukunjia soksi
na nyasi kavu zimelazwa chini yake
kama alivyozilaza mama wa kila mmoja wetu.
Hapa Łódź kazi ni kazi,
ila siku moja kabla ya mkesha
mashine huzimwa saa saba mchana
na ukimya hutuingia masikioni kama maji.

Mimi ndiye mhasibu.
Droo yangu ya tatu ina ufunguo,
ndani ya droo mna karatasi,
ndani ya karatasi mna majina kumi na manne.
Bwana Seweryn alinikabidhi Jumanne.
"Tuwaache wale sikukuu kwa amani, Bi Celina.
Ni ustaarabu."
Nikaitikia kwa kichwa.
Neno ustaarabu lina mlango mpana,
hata woga hupita bila kuinama.

Sasa kila mtu ameshika opłatek yake,
kaki isiyo chumvi wala sukari,
nyembamba kuliko bahasha,
imechapwa mtoto, hori, nyota.
Unamwendea mwenzako,
unamega yake, anamega yako,
mnatakiana heri, mnakula.
Humruki mtu,
hata yule mliyenuniana mwezi mzima
kwa sababu ya dirisha.

Bronka wa kushona vidole vya soksi
ananitakia mume. Kila mwaka mume,
tangu nilipomzika wa kwanza.
Kijana wa kompyuta ananitakia "kila kitu"
na jicho moja liko kwenye simu.
Bwana Seweryn anapita na kaki yake karibu nzima:
watu wanamega padogo, padogo mno,
kama wanaogopa itakatwa kwenye mshahara.

Halafu Ludwik wa ghala.
Miaka ishirini na saba ya maboksi.
Namba tisa.
Amevaa tai ya harusi ya bintiye,
nywele zilizobaki amezilaza kwa mafuta.
Ananibusu mkono, kizamani,
ananyoosha kaki, anangoja.

Nimtakie nini?
Afya, sawa. Afya haina mwajiri.
Lakini "mafanikio kazini",
maneno niliyowagawia wengine kumi kama peremende,
yalisimama hapa, kooni,
mwiba wa samaki ambaye bado hajaletwa mezani.
Lila na fila havitangamani, husemwa;
kwetu siku ile vilikalia kiti kimoja.

Nikamega. Nikamega kubwa kupita kiasi,
nusu ya nyota ikaja na vidole vyangu.
Akacheka: "Mhasibu leo ana njaa!"
"Ludwik," nikasema, "ile gari ya mkopo."
"Naam, ya buluu. Tarehe tatu natia sahihi."
"Usitie."
Tu. Neno moja, kwa sauti ya kuomba chumvi.

Alinitazama.
Akaitazama kaki yangu, akaitazama meza,
sahani za siringi, sufuria la supu nyekundu,
Bwana Seweryn akisahihisha tai yake kwenye kioo cha dirisha.
Mtu aliyehesabu maboksi miaka yote hiyo
hahitaji kuhesabiwa mara mbili.
Akamega kwangu kipande,
kidogo, sawasawa, pembeni, pasipo picha.
"Nami nakutakia usingizi, Bi Celina," akasema.
Hakusema kwa ubaya.
Hilo ndilo lililonikata.

"Supu inapoa!" bosi akapiga makofi.
Tukaketi. Tukasifu supu.
Ludwik akamimina sharubati ya matunda makavu,
akaanza na glasi yangu.

Usiku, kwenye tramu, niliingiza mkono mfukoni:
ufunguo wa droo,
na makombo meupe yameushika meno yake.
Desturi inakataza kuyatupa.
Nikayala moja moja
mpaka kituo cha mwisho.